Shahada ya usimamizi wa zimamoto: uliza bei ya krediti kwanza

Assalamu alaikum watu wangu wa Lamu, kuanzia Mkomani hadi Shela, na ndugu zetu wa Malindi. Leo namjibu kijana wa Langoni. Yuko kazini zimamoto, vyeti vya mafunzo anavyo, sasa anataka shahada ya usimamizi ila karo za huku Marekani zinamtisha.

Mdogo wangu, anza kwa kuuliza bei ya krediti moja, yaani kipimo cha masomo ambacho vyuo vya huku huhesabia karo na shahada. Shahada ya kwanza huku huwa krediti 120 hivi. Chuo kikitoza dola 300 kwa krediti, hiyo tayari ni dola 36,000, vitabu bado. Kisha uliza: kwa vyeti hivi nilivyonavyo, mtanihesabia krediti ngapi? Wanaosoma fani hii wengi tayari wamo kazini, na viko vyuo vinavyoyahesabu mafunzo yao. Krediti uliyohesabiwa huilipii tena. Jibu lake lidai kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.

Huku watu hupunguza gharama kwa kusoma krediti 60 za mwanzo katika chuo cha jamii (community college), halafu wakahamia chuo kikuu. Lakini ile bei nafuu mara nyingi ni ya wakazi wa eneo hilo. Wewe uliye Lamu tafuta chuo cha mtandaoni kinachotoza bei moja kwa wote.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Kusoma mtandaoni ukiwa nyumbani hakuhitaji viza. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika masomo anayotakiwa kutimiza. Kwa hiyo anayekwambia, “Nipe pesa nikutafutie viza ukasome mtandaoni Marekani,” mkimbie! Msaada wa karo wa serikali ya huku nao ni wa raia na wachache wengine, kama wenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu), basi usiuweke kwenye hesabu zako.

Ithibati ya chuo ihakikishe mwenyewe katika orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Halafu uliza kama wanafuata FESHE, mtaala wa mfano wa National Fire Academy, chuo cha taifa cha zimamoto cha huku kilichoko Emmitsburg, Maryland. Vyuo vikifuata mtaala mmoja, kuhamisha masomo kutoka kimoja hadi kingine huwa rahisi. Huko nyumbani nako, waulize KNQA, mamlaka ya Kenya ya sifa za elimu, mapema kama shahada hiyo wataitambua.

Kwa nini nalisisitiza jambo hili? Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya zimamoto. Mji wetu una mapaa ya makuti na vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa shida. Gari la zimamoto litapita wapi? Lazima awepo mtu wa kupanga pampu zikae wapi, maji yavutwe kutoka wapi, nani afunzwe katika kila mtaa, kisha aende kuitetea bajeti ya kazi hiyo mbele ya bunge la kaunti. Shahada hii inafundisha bajeti, uongozi na kinga ya moto. Nataka mtu huyo awe mtoto wa Lamu, aijuaye mitaa yake.

Haya, niandikieni hapa chini mna vyeti gani, lakini namba za vitambulisho msiziweke. Video ijayo tutakaa na orodha ya masomo ya chuo kimoja, tuipitie somo kwa somo.