Bakapu ya usiku isikudanganye, hesabu ianzie siku ya kurudisha data

Habarini wote. Leo tunaongelea bakapu, yaani kopi za akiba za data, na tutapiga hesabu sana kwahiyo mwenye kalamu aishike, na mwenye swali asisubiri mwisho, anyooshe mkono tu.

Chukua kampuni ina data terabaiti 20, yaani TB 20 (TB moja ni GB 1,000, na GB moja ni megabaiti, MB, 1,000). Kwa siku inabadilika asilimia 3 hivi, yaani GB 600. Netiweki ni gigabiti 1 kwa sekunde. Kwenye karatasi hiyo ni megabaiti 125 kwa sekunde maana baiti moja ni biti 8, ila ukitoa mizigo ya protokali unabaki na kama 110. Usiku bakapu ya mabadiliko, ile inayokopi yaliyobadilika tu, inaanza, GB 600 kwa kasi ya MB 110, lisaa limoja na nusu imeisha. Asubuhi ripoti ni kijani tupu, bosi kafurahi, hamna mtu anauliza kitu.

Sasa storeji yote, yaani diski zinazotunza data, imekufa. Unatakiwa urudishe zile TB 20 kwa netiweki ileile. Gawanya mwenyewe hapo ulipo. Unapata masaa 50. Siku mbili na masaa mawili, na hapo tumechukulia hakuna kilichokwama hata dakika moja, kitu ambacho sijawahi kukiona.

Mfumo ni uleule, vifaa ni vilevile, na ripoti ya kijani haikudanganya, ila ilijibu swali ambalo siku ya janga hamna anayeliuliza. Hoja yangu leo ni hiyo moja: ukipanga uwezo wa mfumo wa bakapu, anza na siku ya kurudisha, alafu rudi nyuma mpaka kwenye bakapu ya usiku. Wengi tunafanya kinyume chake, tunauliza usiku una masaa mangapi, tunanunua vifaa vya kutosha usiku huo, basi.

Kwahiyo kabla hujagusa mashine yoyote nenda kakae na wenye biashara. Waulize mawili tu. Tukipata ajali, mnaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Na mnaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Usikubali jibu la "hatutaki kupoteza chochote", kila mtu atasema hivyo, waonyeshe gharama ya kila jibu alafu uone. Na usiulize kwa kampuni nzima kwa mkupuo, uliza mfumo kwa mfumo, maana databesi ya mauzo sio sawa na folda la picha za sherehe ya miaka kumi iliyopita.

Tuseme kwenye swali la pili wamesema masaa 8. TB 20 ndani ya masaa 8 ni TB 2.5 kwa saa, karibu MB 700 kwa sekunde. Netiweki ya gigabiti 1 hapo haipo kabisa. Ya gigabiti 10, ukipata MB 1,000 halisi kwa sekunde, unamaliza kwenye masaa matano na nusu, ila hapo ni kama diski za kule bakapu zinaweza kusoma kwa kasi hiyo na diski za huku zinaweza kuandika kwa kasi hiyo, na hapo ndo watu wanaumia.

GitLab, kampuni ya kutunza kodi za programu mtandaoni, walipitia hili tarehe 31 Januari 2017 na wakaandika kila kitu hadharani, jambo ambalo nawaheshimu sana kwalo. Injinia alifuta folda la data kwenye seva ya databesi ambayo siyo, kama GB 300. Wakaenda kwenye bakapu za kila siku za databesi, wakakuta hazipo, programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisiloendana na databesi kwahiyo ilikuwa inafeli kila siku na ujumbe wa kufeli haukuwafikia. Kilichowaokoa ni snapshoti, picha ya data ilivyo kwa dakika ile, ambayo mtu aliipiga kwa mkono masaa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Watu wengi wanaishia hapo wanapoisimulia hii habari. Mimi naomba muangalie kilichofuata: kopi ile ilikuwa kwenye mazingira ya majaribio, kwenye diski za bei nafuu zilizowekewa kikomo cha kasi, na kuhamisha hizo data tu kulichukua kama masaa 18. GB 300! Data ilikuwepo, ipo mkononi kabisa, ila ilikaa kwenye diski ambayo hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja itabidi isomwe kwa haraka.

Tuje kwenye nafasi. Ukitaka kukaa na siku 30 za bakapu, kamili kila Jumapili na mabadiliko siku zilizobaki, mtu anazidisha kamili nne mara TB 20, anapata 80, anaongeza kidogo, anaagiza diski. Baada ya miezi miwili inajaa na anashangaa. Kilichotokea ni kwamba bakapu ya mabadiliko haisimami yenyewe, inaegemea bakapu kamili iliyoitangulia. Ukitaka kurudi siku 30 nyuma lazima ile kamili yake iwepo, na inaweza kuwa ya siku 35 zilizopita. Chukua leo ni Jumapili, hesabu kurudi nyuma: leo, 7, 14, 21, 28, 35. Ni kamili sita, sio nne. Hizo ni TB 120, na katikati kuna bakapu za mabadiliko 30 za GB 600, ni TB 18. Jumla TB 138. Data ikikua kwa asilimia 25 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu inakuwa karibu mara mbili, kwahiyo TB 270. Alafu usipange kujaza diski mpaka mdomoni, mimi napenda kuishia asilimia 80, kwahiyo ni kama TB 340. Toka 80 mpaka 340, na hatujafanya anasa yoyote.

Ndiyo, najua, utaniambia kuna didupu, ile kazi ya kutafuta vipande vinavyojirudia na kuhifadhi kimoja tu. Inasaidia sana, bakapu kamili sita za data ileile zinafanana karibu kila kitu kwahiyo pale inang'aa. Ila usinunue kwa uwiano ulioandikwa kwenye tangazo. Pima kwa data yako, wiki kadhaa, kwasababu data iliyobanwa (kupunguzwa ukubwa) au kufichwa kwa nywila haina marudio ya kuonekana. Hili nalikuta mara nyingi: msimamizi wa databesi anatoa nakala kila usiku na anaibana kabla haijafika kwenye bakapu, anaona anasaidia, kumbe badiliko dogo mwanzoni mwa faili linabadilisha karibu kila kitu kinachofuata baada ya kubana, na didupu inaona faili jipya kabisa kila siku. Mwambie aache kubana, aitoe bila kubanwa, storeji itabana yenyewe baada ya kuondoa marudio. Faili litaonekana kubwa zaidi na nafasi itakayotumika itapungua.

Na kitu kingine cha didupu, ukifuta bakapu ya zamani nafasi hairudi papo hapo. Vile vipande vinaweza kuwa vinatumiwa na bakapu nyingine, mpaka kazi ya usafi ipite ihakikishe. Kazi hiyo inakula diski na prosesa, kwahiyo ukijikuta uko asilimia 97 unafuta kwa presha usiku wa manane, nafasi haiji na mfumo unazidi kuwa mzito. Ndo maana ya ile asilimia 80.

Hapohapo niseme la usalama. Virusi vya kufunga data vikiingia, mafaili yote yanageuka, badiliko la siku linaruka toka asilimia 3 kwenda labda 70, na uwiano wa didupu unaporomoka maana sasa kila kitu ni kipya. Grafu ya nafasi ya bakapu inaweza kukwambia umevamiwa kabla mtu yeyote hajapiga simu. Iwekee alamu. Na hakikisha huo mlipuko hautajaza diski ukasukuma nje kopi nzima za juzi.

Sasa kasi. Mtu anasema bakapu iko slo, anaenda kuongeza idadi ya strimu (mikondo ya data inayosomwa kwa pamoja), anabadilisha bafa (sehemu data inapongojea kidogo), anawasha hiki anazima kile. Acha. Data inapita hatua tatu, inasomwa kwenye chanzo, inapita netiweki, inaandikwa. Ile iliyo polepole kuliko zote ndo kasi yako, ukirekebisha nyingine hupati kitu. Pima kila moja peke yake.

Kupima kusoma, watu wengi wa Linux wanaandika tar, programu ya kufungasha mafaili, inayotupa kwenye /dev/null, shimo la kutupia data, wanaangalia muda. Inaisha sekunde chache, wanashangilia diski iko fasta. Ile tar ya GNU ikigundua inaandika kwenye /dev/null haisomi hata yaliyomo kwenye mafaili, inapitia majina tu. Ipitishe kwanza kwenye paipu iende kwa cat, programu nyingine inayopitisha data tu, na cat ndo itupe, hapo itasoma kweli. Na upande wa kuandika usijaribu na sifuri tupu, storeji inayobana au yenye didupu ikiona sifuri haiandiki karibu kitu, utapata namba nzuri ambayo hutaiona tena maishani. Tumia data yako halisi, au data ya nasibu kama unataka hali mbaya kuliko zote.

Ukipima kusoma utagundua adui mkubwa ni mafaili madogo. Mafaili milioni moja ya KB 10 ni GB 10 tu. Faili moja la GB 10 kwenye diski ya kuzunguka linasomeka kwa dakika moja hivi. Yale milioni, kila moja kichwa cha diski kinatakiwa kisogee, tuseme milisekunde 10 kwa faili, ni sekunde 10,000, karibu masaa matatu. Kwa data ileile! Hapo netiweki ya gigabiti 10 haikusaidii kitu, dawa ni kuacha kwenda faili kwa faili, chukua bakapu ya diski nzima kwa bloku, vipande vya diski yenyewe bila kujali faili, na ufuatilie bloku zilizobadilika. Kurudisha pia ni vilevile, kuunda mafaili milioni ni kazi, kurudisha diski nzima ni kumwaga bloku tu.

Strimu nazo zina kipimo. Anza na moja, nenda mbili, nne, nane, andika kasi kila hatua. Itapanda, itasimama, alafu itashuka, maana diski inaanza kurukaruka kati ya wasomaji wengi. Baki pale iliposimama. Na tafadhali kazi zote zisianze saa sita kamili usiku, zipishanishe.

Kwa wenye tepu, ile mikanda ya kuhifadhia data. LTO-8, aina moja ya tepu, inaandika MB 360 kwa sekunde bila kubana. Ukiilisha MB 110 za ile netiweki yetu, inapunguza mwendo mpaka inapoweza, ikishindwa inasimama, inarudisha mkanda nyuma, inasubiri, inaanza tena, mara maelfu kwa usiku mmoja, na mkanda unachakaa na kichwa pia. Dawa moja ni kuchanganya strimu za seva nyingi kwenye tepu moja ili ijae. Inafanya kazi usiku, ila siku ya kurudisha seva moja unapitia data za seva nane kuifikia ya kwako. Mimi naona bora bakapu ishukie kwanza kwenye diski, alafu toka diski iende tepu kwa mwendo wake kamili. Tepu usiidharau lakini, Februari 2011 Google ilipoharibu barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail kwa sasisho lenye kasoro, kopi za mtandaoni nazo ziliguswa, na walizirudisha kutoka kwenye tepu.

Na kopi ya mbali: laini ya gigabiti 1 yenye ucheleweshaji wa milisekunde 80 kwenda na kurudi inahitaji MB 10 ziwe njiani muda wote ndo ijae. Programu iliyofunga bafa yake kwenye KB 64 itapitisha kama KB 800 kwa sekunde, haijalishi unalipia laini gani. Kabla ya kununua laini kubwa angalia hiyo bafa.

Nimeona mkono. Dada anauliza kama wakipeleka bakapu zote klaudi, yaani kwenye seva za kukodi mtandaoni, haya yote yanaisha. Hapana dada yangu, hesabu ni ileile, TB 20 gawanya kwa laini yako ya intaneti ya kushusha, ongeza ada ya kutoa data kule, na angalia ngazi uliyochagua. S3 Glacier Deep Archive, ngazi ya Amazon ya kuhifadhi data isiyoguswa mara kwa mara, kwa mfano ni ya bei ya chini kweli, lakini ukiomba data kwa njia ya kawaida inakuwa tayari ndani ya masaa 12, na kwa ile ya bei ndogo zaidi ndani ya masaa 48, ndo uanze kushusha. Kama wenye biashara walisema masaa 8, umeshafeli kabla ya baiti ya kwanza. Weka kopi za siku za karibuni kwenye diski hapo ulipo, klaudi ibaki na za zamani na kopi ya pili ya nje, alafu kila robo mwaka chagua mfumo mmoja, urudishe wote kwenye mashine tupu ukiwa na saa mkononi, na namba utakayopata ndo uwapelekee waliosema 8.