Bahari tunaihesabu lini?

Wakubwa shikamooni, vijana habari za jioni. Nimeulizwa mara mbili hapo mlangoni, mtu wa bahari anafata nini Moshi. Mtaona, ntafika huko.

Nianze na kitu ambacho nyie wa kaskazini mnakijua vizuri. Wanyama wa porini wanahesabiwa. Hapo Arusha kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, watu wanapanda vindege wanahesabu tembo na nyumbu, wakimaliza baada ya muda wanarudia tena palepale. Ndo maana ujangili ulipopamba moto tukaweza kusema nchi ilikuwa na tembo kama 109,000 mwaka 2009 na 2014 wamebaki kama 43,000. Ile namba iliuma na kwa sababu iliuma watu wakaamka. Sasa papa je? Papa wa pwani yetu walikuwa wangapi 2009? Hesabu ya namna ile haipo. Mzee wa Kilwa atakwambia zamani walikuwa tele, na mimi namwamini kabisa, ila waziri ukimpelekea neno "tele" hana cha kufanya nalo.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa utafiti wa bahari uanzie wapi, jibu langu ni hilo, hesabu inayorudiwa. Palepale, kwa njia ileile, miaka 20, 30. Najua haina sifa, wafadhili wanapenda kugundua spishi mpya, na dunia imeshaandika spishi za baharini kama 240,000 na zilizobaki hazijaandikwa ni nyingi sana, sikatai, hiyo kazi nayo ifanyike. Lakini mradi wa miaka 3 ukiisha ndo unakuta na hesabu imekufa.

Ngoja niwape mfano wa silikanti. 1938 kule Afrika Kusini dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alimkuta huyu samaki kwenye mzigo wa meli ya uvuvi, wakati wataalamu wote walijua ameshatoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Kwetu Tanga, miaka ya mwanzoni mwa 2000, wavuvi wa Kigombe na jirani zao wakaanza kumtoa kwenye majarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu. 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, jambo zuri sana. Ila kipindi hicho kilichokuwa kinajulikana ni kwamba anaishi kama miaka 20 hivi. Mpaka 2021 ndo watafiti wa Ufaransa wakachukua magamba ya silikanti waliokuwa wamehifadhiwa makumbusho, wakayamulika kwa mwanga wa aina yake wakaona mistari ya umri ambayo mwanzo ilikuwa haionekani, na hesabu ikabadilika yote: huyu samaki anaweza kukaribia miaka 100, jike anaanza kuzaa akiwa na miaka 50 na kitu, na mimba anaibeba kama miaka 5! Yaani jike mmoja akinasa leo kwenye jarife, pengo lake halizibiki kwenye maisha ya yeyote aliyekaa humu ndani. Ukipanga ulinzi kwa kudhani anaishi miaka 20 unakosea kabisa, hata kama nia yako ni safi.

Na aliyemleta juu ni mvuvi. Hili nalisisitiza kila ninaposimama. Pale dikoni kila siku kuna mtu anaona kinachoshuka kwenye chombo, bwana samaki akiwepo au asiwepo, na kikundi cha BMU, yaani wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa ufukwe wao, kikiwa na daftari, kalamu na posho inayofika kwa wakati, ile ni data ambayo meli ya utafiti haiwezi kukuletea. Wanawake wanaochokoa pweza maji yakitoka wanajua kila tundu la mwamba. Walipwe, na majibu warudishiwe, sio mtu anachukua takwimu anapotea nazo!

Potwe wa Mafia, wale papa wakubwa kabisa, nao hivohivo. Msimu wa kuwaona pale Kilindoni ni Oktoba mpaka Machi, baada ya hapo watu walikuwa wanajua wameshahama. Wakafungwa vifaa vya kutoa sauti, vikaonyesha wengi wapo palepale Mafia mwaka mzima, wanasogea tu mbali kidogo na kushuka chini. Sasa kama ungelinda miezi ya msimu peke yake si ungewaacha wazi nusu ya mwaka.

Saivi kuna hii ya kuchota maji ya bahari, unachuja, unasoma DNA, vinasaba vilivyoachwa na viumbe, unajua nani kapita. Naipenda. Ila DNA isiyo na samaki wa kulinganishia inakuandikia tu haijulikani, kwa hiyo tunahitaji watu wa kuainisha viumbe na makabati ya sampuli hapahapa nchini.

Haya, Moshi. Matumbawe yakipata joto yanapauka na yakikaa hivo muda mrefu yanakufa, 1998 Bahari ya Hindi magharibi ilipigwa vibaya sana. Lakini mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti wa siku nyingi pale Mombasa, alionyesha kwamba eneo la kuanzia Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kushuka upande wetu lina maji ya baridi yanayoyapa matumbawe nafuu, na anaeleza kwamba ile mifereji yenye kina chini ya bahari, inayotunza hayo maji ya baridi, ilichongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji ya barafu ya Kilimanjaro na Usambara. Huu mlima wenu jamani!

Na mpaka leo maji yake yanashuka baharini. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya huku, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unakuwa mto Pangani, unamwaga baharini kusini mwa Tanga jirani kabisa na hiyo hifadhi ya silikanti. Maji yakipungua huku juu kwa mashamba na mabwawa, kule chini chumvi inapanda mtoni, na kamba wachanga wanakulia kwenye mikoko ambako maji baridi na ya chumvi yanachanganyika. Simlaumu mkulima wa mpunga wa Chekereni, naye ana watoto. Nachotaka ni tujue mto unabeba nini: udongo kiasi gani, mbolea, dawa za mashambani, mwezi gani maji yanapungua sana, halafu tuweke hizo namba pembeni ya namba za matumbawe na kamba kule Pangani. Watu wa mito wanafanya kazi yao na watu wa bahari yao, pale mdomoni hatukutani vya kutosha.

Kwa hiyo wanafunzi mnaotafuta mada ya utafiti, na walimu wenye shule karibu na Weruweru, Kikafu au Rau, njooni hapa mbele tukimaliza. Kupima tope kwenye maji kila wiki hakuhitaji maabara kubwa, na mimi nitawaunganisha na wenzangu wanaopima upande wa chini.