Namba, Muhuri na Wembe: Kuzisoma Barua za Baharia wa Vita

Ndugu wasikilizaji, leo tunazungumzia barua za mabaharia wa jeshi la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, hasa wa Bahari ya Pasifiki. Familia ikifungua kifurushi cha barua za babu, kazi ya kwanza huwa kuzipanga kwa muhuri wa posta. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Manowari haikuwa na sanduku la posta baharini. Barua zilikaa kwenye magunia hadi meli ikutane na meli ya mafuta au ya vifaa, halafu magunia yakavushwa kwa kamba huku meli zote mbili zikienda sambamba. Kwa hiyo barua za wiki tatu zinaweza kubeba muhuri wa siku moja, na barua mbili zilizoandikwa siku moja zikafika nyumbani kwa miezi tofauti. Panga kwa tarehe aliyoandika mwenyewe juu ya karatasi. Akiwa ameweka namba, shukuru Mungu na ufuate namba. Bahasha usiitenge na barua yake hata siku moja, maana zikichanganyika hakuna wa kuzipatanisha.

Muhuri wenyewe hautakuambia meli. Wakati wa vita jina la meli liliondolewa, yakabaki maneno "U.S. Navy" na tarehe. Cha kuchekesha, jina hilo hilo liko pembeni kwenye anwani ya mtumaji: jina, cheo, meli, kisha posta ya meli za kivita ya San Francisco, au New York kwa walio Atlantiki. Adui akiiokota bahasha alijua meli, hakujua ilipo. Mahali pa stempu utakuta neno "Free" kwa mkono, kwa sababu tangu Aprili 1942 wanajeshi walituma barua za kawaida bila malipo.

Sasa matundu yaliyokatwa kwenye barua. Barua za mabaharia wa kawaida zilisomwa na maofisa wa meli hiyo hiyo, watu aliokula nao chumvi moja ya bahari. Mahali meli ilipo, inakokwenda, ilivyoharibika, nani kafa, hata hali ya hewa: yote marufuku. Ofisa alikata kwa wembe au akafuta kwa wino, kisha akagonga muhuri wa ukaguzi na kutia herufi za jina lake. Ukikuta tundu, geuza karatasi. Kama imeandikwa pande zote mbili, upande mmoja tu ndio uliokuwa na kosa. Ule mwingine umepoteza maneno yasiyo na hatia, na mara nyingi sentensi inayobaki inatosha kuyakisia. Kwa upande wenye kosa, pima upana wa tundu kwa mwandiko wake mwenyewe: herufi ngapi zinaingia? Jina la kisiwa lenye herufi kumi haliingii penye nafasi ya nne.

Wapo waliojaribu ujanja, kwa mfano kubadili herufi ya kati katika jina la mama kila barua ili herufi zikiunganishwa zitaje mahali. Ujanja huu ulikufa kwa sababu ile ile: barua zilifika zimepinduka mpangilio.

Karatasi ndogo za picha, kama sentimita 11 kwa 13, ni V-mail, iliyoanza Juni 1942. Barua ilipigwa picha kwenye filamu ya milimita 16, filamu ikasafirishwa, ikachapwa upya ng'ambo. Barua 150,000 zilizojaza magunia 37, zaidi ya kilo 1,100, ziliingia gunia moja la kilo 20 hivi. Mwandiko mdogo au penseli hafifu havikusomeka, kitu chochote hakikuruhusiwa kuambatanishwa, na rangi ya mdomo ya busu ilichafua mashine. V-mail ni karatasi ya picha. Iweke pakavu, mbali na nyingine.

Na pengo la muda mrefu bila barua? Usikimbilie kusema aligombana na mkewe. Meli USS Juneau ilizama 13 Novemba 1942 karibu na Guadalcanal, na jeshi likanyamaza. Januari 1943 Alleta Sullivan wa Waterloo, Iowa, mama wa vijana watano waliokuwa humo, alilazimika kuliandikia jeshi kuuliza uvumi aliousikia. Wote watano walikuwa wamekufa.

Pengo linajazwa kwa kumbukumbu za meli zilizo Nyaraka za Taifa za Marekani: shajara za vita na madaftari ya zamu. Linganisha tarehe za barua na mahali meli ilipokuwa. Orodha za mabaharia zitakuonyesha alipopanda na aliposhuka, ila maofisa hawamo. Faili lake binafsi liombe kwenye kituo cha nyaraka za wanajeshi kilicho St. Louis, Missouri; moto uliotokea hapo 1973 uliunguza mafaili ya jeshi la nchi kavu na la anga, ya majini yakapona.