Ule Mlango wa Chumba cha Injini

BARAKA: Haya, tuko hewani. Leo ni kile kipindi tulichowaahidi: kijana anayetaka kuwa mhadhiri na mtafiti wa uhandisi wa meli, hasa upande wa usalama wa moto, aanzie wapi. Tumeandaa mambo matatu. Lakini Daktari tangu juzi ana neno moyoni.

RUKIA: Ninalo, Chifu. Nipe dakika mbili tu, kisha tuendelee.

BARAKA: Mbili. Naangalia saa.

RUKIA: Juzi nilipeleka wanafunzi kwenye meli ya mizigo. Tunashuka chumba cha injini, mlango wa kuingilia ni wa daraja la A-60, yaani wa kuzuia moto kwa dakika 60. Uko wazi. Umevutwa mpaka ukutani, kitasa kimefungiwa kamba kwenye bomba. Na kamba yenyewe si ya asubuhi ile. Pale inapopita, rangi ya kitasa imelika mpaka chuma kinang'aa. Ule mkono wa springi unaofanya mlango ujifunge wenyewe umechomolewa pini, unaning'inia.

BARAKA: Fundo lilikuwaje?

RUKIA: Fundo?

BARAKA: Ndiyo. Kama ni fundo la kuvuta mara moja likaachia, aliyelifunga bado alikuwa na moto akilini. Kama ni la kukaza, hakuwa nao.

RUKIA: La kukaza. Limejaa grisi. Mwanafunzi mmoja alihangaika nalo mpaka akaacha.

BARAKA: Basi hapo na mimi umenikera.

RUKIA: Na wasikilizaji waelewe kilichopotea pale. Mlango wa A-60 hupimwa kwenye tanuri. Joto linapandishwa kwa mwendo maalumu, dakika ya 60 tanuri liko karibu nyuzi 945. Upande wa pili, wastani wa joto hauruhusiwi kupanda zaidi ya nyuzi 140 juu ya ulipoanzia, na hakuna sehemu hata moja inayoruhusiwa kupanda zaidi ya nyuzi 180 juu ya hapo ilipoanzia. Watu wametumia maisha yao ya kitaaluma kwenye hizo namba. Kisha anakuja mtu na kamba, zile dakika 60 zote zimekwisha.

BARAKA: Ongeza na gesi. Chumba cha injini kikishindikana kwa vizimamoto vya mkono, unafungua kaboni dioksidi. Hesabu yake ni gesi ya kujaza asilimia 35 ya ujazo wa chumba pamoja na njia ya juu ya moshi, au asilimia 40 bila hiyo njia, unachukua iliyo kubwa. Asilimia 85 ya gesi hiyo iwe imeingia ndani ya dakika 2. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Mlango uko wazi, inamwagika nje kwenye korido, kwa watu, na inaua. Ndani oksijeni inarudi, moto unaamka upya.

RUKIA: Umeona?

BARAKA: Nimeona. Dakika mbili zimepita. Jambo la kwanza kwa kijana...

RUKIA: Ngoja. Nilimuuliza injinia wa pili kwa nini. Akanijibu, "Joto." Basi, akaendelea na kazi.

BARAKA: Hakukuambia yote. Feni zinasukuma hewa nyingi kuliko inayovutwa na injini, hasa meli ikiwa gatini na injini kuu imezimwa. Shinikizo ndani linapanda. Kuna mlango huwezi kuuvuta ukiwa na chujio la mafuta mkononi, na kuna ule unaokuponyoka ukajipiga kwa nguvu ya kukata vidole. Nimemfunga bandeji mtu wa namna hiyo. Kamba ile inaanza siku hiyo hiyo.

RUKIA: Hilo linahesabika. Tuseme tofauti ya shinikizo ni paskali 50, mlango una mita za mraba 2. Hiyo ni nyutoni 100, sawa na mzigo wa kilo 10 umeegemea mlango muda wote.

BARAKA: Linahesabika baada ya mimi kukuambia. Ndiyo maana ile fomu sijaisaini.

RUKIA: Tulikubaliana hatutaigusa hewani!

BARAKA: Jina lake hatulitaji. Wasikilizaji, kuna mwanafunzi wetu, hodari kweli, amemaliza uzamili na anataka kuingia uzamivu moja kwa moja. Mada ni kuenea kwa moshi melini. Daktari anamsimamia, mimi ni msimamizi wa pili, na fomu hiyo ni yake. Mimi nasema aende baharini kwanza, apate cheti cha uhandisi, asimame zamu usiku, kisha arudi.

RUKIA: Na mimi nasema akirudi atakuwa na mshahara wa baharini na familia, na hatarudi. Tumewapoteza wengi hivyo. Halafu Chifu, niambie: wale wote waliopita kwenye mlango ule kila siku wana vyeti vya bahari. Hakuna aliyeiona kamba tena. Aliyeiona ni mwanafunzi ambaye hajawahi kulala melini.

BARAKA: Aliona kamba. Sababu hakuiona.

RUKIA: Sababu angeitafuta! Ndiyo maana ya utafiti. Meli ya abiria Scandinavian Star ilipoungua mwaka 1990 walikufa watu 159, na wengi wao waliuawa na moshi. Kujua moshi unavyopita korido, unapanda ngazi gani, unaingia vyumba gani, ni kazi ya mtu anayejua mwendo wa gesi na joto. Hiyo haifundishwi na zamu ya usiku.

BARAKA: Programu yako ya kompyuta inauliza mlango uko wazi au umefungwa. Mtu asiyekaa melini ataandika "umefungwa", kwa sababu mchoro unasema hivyo. Matokeo yatatoka mazuri, makala itachapishwa, na meli hiyo haipo popote.

RUKIA: Basi nitamwambia aendeshe hesabu zote mbili.

BARAKA: Na robo wazi? Na uliozuiwa na ndoo? Atazijuaje?

RUKIA: Kwa kwenda kupima! Siku chache kwenye meli moja, kisha nyingine, akiwa na manometa, kile kipima shinikizo, na daftari. Si lazima awe baharia ili ahesabu kamba.

BARAKA: Mgeni akipanda meli, kamba zinafichwa. Wewe uliiona kwa sababu hawakujua mnashuka saa ile.

RUKIA: Hapo una hoja kuhusu ukaguzi. Kuhusu fomu, bado huna.

BARAKA: Sawa, tusikubaliane. Lakini nieleze hili la kulabu za kushikilia mlango wazi, maana watu watauliza kama zinaruhusiwa badala ya kamba. Kanuni za SOLAS, ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya II-2, kwa meli za mizigo zinakataza kulabu kwenye mlango unaotakiwa kujifunga wenyewe. Ila zinaruhusu kishikizo kinachoachiwa kutoka mbali, kwa sharti kwamba kikiharibika au umeme ukikatika, mlango unajifunga. Wekeni sumaku pale, watu wapite na mizigo yao.

RUKIA: Na mrekebishe feni. Sumaku bila kushusha shinikizo, mlango utaachiwa halafu hautafika kwenye fremu. Utabaki na uwazi wa kiganja, na huo unautosha moshi.

BARAKA: Hiyo ni mada nzuri kuliko aliyoandika.

RUKIA: Ni yake! Alinitumia usiku uleule tuliporudi. Anataka kubadilisha pendekezo lote: shinikizo la chumba cha injini na milango inayojifunga.

BARAKA: Hukuniambia.

RUKIA: Ungesaini?

BARAKA: Ningempa barua ya kwenda melini.

RUKIA: Unaona sasa!

BARAKA: Tunaoneshwa kidole hapa, imebaki dakika moja. Yale mambo matatu hatujagusa hata moja.

RUKIA: Yatakaa mpaka kipindi kingine. Nitaje hili tu kwa walioandika wakiuliza wasome wapi: kipo World Maritime University kule Malmö, Uswidi, kilianzishwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, mwaka 1983, kinatoa uzamili na uzamivu. Anzeni kuangalia hapo. Na wewe kijana wetu, najua unasikiliza, pendekezo lako jipya nimelisoma na nitaweka saini Jumatatu.

BARAKA: Fomu inataka saini mbili.

RUKIA: Najua inataka mbili. Jumatatu nitakuja nayo ofisini kwako.

BARAKA: Njoo. Utanikuta. Kwaherini, jamani.