Bunduki Ikitoa Mbili kwa Mvuto Mmoja, Acha Kufyatua

Asanteni. Kanuni za usalama mnazijua, zimebandikwa ukutani pale, sitazirudia. Nimekuja na jambo moja ambalo nimelisema mara nyingi na nitazidi kulisema: bunduki ya nusu-otomatiki, yaani inayopaswa kutoa risasi moja kwa kila mvuto, ikitoa risasi mbili ilhali umevuta kifyatulio mara moja, kazi ya siku hiyo imekwisha. Usingoje magazini, kile kisanduku cha risasi, iishe. Usijaribu tena uone kama itarudia. Imekwisha papo hapo.

Najua kuna anayenong'ona, "Lakini ilitokea mara moja tu." Basi nisikilize.

Kuna mzee mmoja, mlengaji hodari, alikuja uwanjani Jumamosi moja na bunduki yake ya .22, ile ya risasi ndogo. Shabaha ilikuwa mita 25. Akavuta, zikatoka mbili zikifuatana upesi hivi kwamba waliokuwa nyuma walidhani ni mlio mmoja. Jirani yake kwenye mstari akamsifu: "Mzee, hiyo mashine ni ya wapi?" Wakacheka. Mzee akajaza magazini tena ili awaonyeshe. Mvuto wa kwanza, moja. Wa pili, moja. Wa tatu zikamiminika mfululizo, mtutu ukapanda, na ya mwisho ikapasua ubao wa paa lililo juu ya shabaha. Msimamizi akapaza sauti, mstari mzima ukanyamaza. Hakuna aliyeumia, lakini si kwa sababu kuna mtu aliyefanya jambo la busara.

Pigeni hesabu nami. Mtutu ukipanda digrii 3 tu, kwa mita 25 risasi itapita mita 1.3 juu ya pale ulipolenga. Kwa mita 100, ni zaidi ya mita 5. Ule ukingo wa udongo nyuma ya shabaha una kimo gani? Na hii .22 tunayoidharau, tunayowapa vijana wajifunzie, risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na bado ikaua. Nairobi inapanuka kila upande. Palipokuwa shamba la kahawa jana, leo pana ghorofa na nguo zimeanikwa.

Fundi alipoifungua ile bunduki alikuta nini? Uchafu. Risasi za .22 hupakwa nta, na nta hiyo ikichanganyika na masizi na mafuta ambayo mzee alikuwa akiyamwaga bila kupangusa, inakuwa utomvu. Ndani ya kifyatulio kuna chuma kidogo ambacho kazi yake ni moja: bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, inaporudi nyuma na kidole chako bado kimebana, kiikamate nyundo inayofyatua risasi na kuizuia mpaka ulegeze kidole. Chuma hicho kilikuwa kinakwama. Mara kinakamata, mara hakikamati. Ndiyo maana "mara moja tu" hainipi faraja yoyote. Kinachokwama kwa uchafu, au kilicholika pembe zake, huanza hivyo hivyo, mara moja tu.

Wengine hushauri uweke risasi mbili tu kwenye magazini ujaribu. Hiyo ni kazi ya fundi, mahali pake, akiwa peke yake. Si kazi yako na watu wamesimama kulia na kushoto. Ya pili ndiyo hasa ile inayopaa.

Fanya hivi. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole nje ya kifyatulio. Toa magazini, vuta bolti nyuma, kagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Mwite msimamizi. Halafu, bunduki ikiwa tupu na hakuna risasi hata moja mezani, vuta kifyatulio na ukibane, nyundo itaanguka. Ukiwa bado umebana, vuta bolti nyuma na uiachie. Sasa legeza kidole polepole: unapaswa kusikia mlio mdogo wa kifyatulio kurudi mahali pake, na ukivuta tena nyundo ianguke. Usiposikia mlio huo, au nyundo ikiwa imeshaifuata bolti mbele, kasoro iko hapo. Ukisikia, bado mpelekee fundi, kwa sababu bunduki tupu mezani haina joto wala msukumo wa ile inayofyatuliwa.

Muda unanikimbia. Kuna vyanzo vingine viwili vya risasi kutoka mbili. Cha kwanza ni wewe mwenyewe: kitako hakijakaza begani, bunduki inarudi nyuma kisha inasogea mbele, kidole kinavuta mara ya pili bila wewe kujua. Lakini usijipe hukumu hiyo kabla fundi hajaikagua silaha.

Cha pili ni pini, kile chuma chembamba kinachogonga risasi ilipuke. SKS, bunduki ya nusu-otomatiki ya Kisovieti, kwa mfano, nyingi zina pini isiyo na springi. Grisi inayopakwa silaha ikihifadhiwa ghalani ikiachwa ndani, pini inaganda ikiwa imechomoza, na bolti ikifunga tu risasi inalipuka, kidole kiwe wapi kiwe. Silaha za namna hii usizitumbukizie risasi moja kwa mkono chembani kisha ukaiachia bolti ijigonge. Ilishe kutoka magazini, ambako bolti inapunguzwa kasi.

Na yule anayeona amepata otomatiki ya bure, asome Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Silaha inayoendelea kutoa risasi kadiri unavyobana si ya raia. Usijitengenezee nyumbani, usilainishe vyuma kwa tupa. Ipeleke kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, mweleze ilivyotokea neno kwa neno, na mpe pia maganda uliyookota na risasi zilizobaki kwenye boksi lile lile, maana atataka kuziona.