Ridhaa ya Mgonjwa, Ridhaa ya Kiinitete

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tukae kwenye neno moja tu: ridhaa. Mijadala ya uhandisi jeni hulipita mbio, ikakimbilia habari za watoto wa kuchaguliwa rangi ya macho.

Tuanze na mkasi wenyewe unaotumika kuhariri jeni. Kimeng'enya cha Cas9 hubeba kipande cha RNA, molekuli ndugu ya DNA, chenye herufi 20 za kijenetiki zinazokionyesha pa kukata. Kikifika hukata nyuzi zote mbili za DNA, molekuli inayobeba jeni zetu, na kazi yake imeishia hapo. Anayeunga ni seli yenyewe, nayo huunga kwa pupa: hudondosha herufi au huchomeka nyingine. Penye herufi zinazofanana na zile 20 napo panaweza kukatwa.

Sasa tutazame selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tiba ya Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa maabara ili zirudie kutengeneza himoglobini ya kijusi, ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, kisha hupimwa kabla ya kurudishwa. Lakini kwanza uboho wake husafishwa kwa dawa kali iitwayo busulfani, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Fomu isiyomweleza habari ya kugandisha mayai au mbegu za kiume kabla ya dozi ya kwanza ni fomu pungufu, hata ikiwa na saini kila ukurasa. Hata hivyo mgonjwa huyu yupo, anauliza, na anaweza kukataa.

Kwenye kiinitete, yaani yai lililorutubishwa linaloanza kukua, mambo hubadilika. Siku ya tano kina seli mia moja hivi au zaidi, na mpimaji huchukua tano hivi kutoka tabaka la nje. Tabaka hilo ndilo litakalokuwa kondo la nyuma. Mtoto hutokana na seli za ndani, ambazo hakuna aliyezigusa. Mkasi ukiendelea kukata baada ya yai kugawanyika, seli moja hupata badiliko hili na jirani yake lile. Majibu ya kondo yakiwa safi, ya mtoto hatujayajua. Mzazi huyu anaridhia nini hasa?

Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri wakiwa viinitete jeni ya CCR5, ile inayotengeneza mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli, ili wasiambukizwe. Baba alikuwa na virusi, mama hana, na mbegu zilikuwa zimeoshwa, njia inayojulikana ya kuzuia maambukizi. Kiinitete kimoja kilionekana mapema kuwa kimebaki na nakala moja ya jeni isiyohaririwa, maana yake kinga iliyoahidiwa haipo. Kikapandikizwa. Fomu iliuita mradi huo utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI. Mahakama ya China ilimhukumu miaka mitatu, na mimi naona fomu ile peke yake ilitosha kuusimamisha mradi.

Wazazi wawili wasio wagonjwa, lakini kila mmoja akiwa na jeni moja ya selimundu, wanaweza kupimiwa viinitete na kuchagua kisicho na ugonjwa; kwa wastani vitatu kati ya vinne huwa salama. Hapakatwi kitu. Wanaobaki ni wale ambao wote wawili ni wagonjwa, kwa hiyo hawana kiinitete cha kuchagua. Swali lao, je, kiinitete chao kihaririwe, ni zito, wala silidharau. Leo bado nawajibu hapana, kwa sababu ya zile seli tano za kondo.