Kabla Hujasaini: Mfanyakazi Aliyeumia Kazini na Wakili Wake

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu habari za jioni. Asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka shifti moja kwa moja na miguu inawauma, kwa hiyo vifungu vya sheria nitavigusa kidogo tu, nataka niongee yale ninayoyaona kila siku mezani kwangu kama wakili wa walioumia kazini.

Nianze na karatasi moja. Alinijia baba mmoja, mpakia mizigo ghalani. Siku hiyo alinyanyua kreti akasikia kitu kimeachia mgongoni, akavumilia kama tunavyovumiliaga wote, siku ya tatu kitandani hawezi kutoka ndo akapelekwa hospitali. Daktari akamuuliza shida nini, akajibu mgongo unaniuma, basi daktari akaandika hivyo hivyo: maumivu ya mgongo, siku tatu. Mstari mmoja. Kreti haimo, kazini haimo. Baadaye watu wa bima wakaitoa karatasi hiyo wakasema mgongo humuuma mtu yeyote, hata aliyelala nyumbani, sasa kazi inahusikaje? Fidia alikuja kupata, ila tulihangaika sana, kutafuta wenzake wa shifti ile mmoja mmoja, kumrudia daktari aandike upya alichoambiwa, na muda wote huo baba wa watu hana mshahara. Inaniuma mpaka leo manake kilichokosekana ni neno moja, "kazini".

Sasa kwa nini neno hilo lina uzito hivyo? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1837 Uingereza kulikuwa na kesi ya kijana aliyekuwa anafanya kazi kwa mwenye bucha, gari la kubebea nyama lilijazwa mzigo kupita kiasi likavunjika, naye paja likavunjika. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100, majaji wakazifuta, wakasema mtumishi alikuwa na nafasi ya kujua hatari kama bosi wake, na angeweza kukataa kupanda. Hebu fikiria, mtoto wa watu akatae amri ya bosi. Mtazamo huo ukawakandamiza wafanyakazi kwa miaka mingi. Uliumizwa na mwenzako? Si kosa la mwajiri. Ulizembea kidogo? Huna chako.

Ujerumani ndo ikageuza mambo mwaka 1884, enzi za Bismarck, kansela wao, ikaanzisha bima ya ajali za kazini, waajiri wanachangia na mfanyakazi akiumia analipwa bila kuulizana nani mwenye kosa. Uingereza nayo ikatunga sheria yake 1897, Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 17 wa fidia ya ajali za kazini mwaka 1925, na mwaka huohuo namba 19 kwamba mfanyakazi mgeni asibaguliwe kwenye fidia. Kwa hiyo makubaliano yako hivi: wewe huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea, na yeye kwa kawaida hashitakiwi mahakamani kwa ajali ileile. Ni makubaliano mazuri, mimi nayatetea. Lakini angalia ubishi ulikohamia. Zamani walibishania kosa ni la nani, siku hizi wanabishania kama kweli uliumia kazini, na umeumia kiasi gani. Na hayo mawili yanaamuliwa na karatasi!

Ndo maana nawaambia, ukiumia mwambie msimamizi siku hiyohiyo, na iwe kwa maandishi, hata meseji ya simu inatosha kuanzia. Ukifika kwa daktari usiseme tu naumwa, sema ulikuwa unafanya nini, wapi, saa ngapi, alafu muombe aandike. Na ukipewa fomu ya ajali uisome kabla ya kuweka jina lako. Niliwahi kumshika mkono dada mmoja, mkono wa kulia, umebaki na vidole vitatu, mashine ya kukatia mbao ilichukua viwili. Fomu yake ilijazwa na msimamizi wakati yeye yuko wodini amechomwa sindano za maumivu, imeandikwa "alitoa kinga ya mashine mwenyewe". Kinga ilikuwa imeharibika wiki nzima na kila mtu pale anajua. Alisaini kwa mkono wa kushoto, saini yenyewe imekwenda upande kama ya mtoto anayejifunza kuandika, na hiyo saini ndo tulipigana nayo.

Watu wanadhani wakili ni wa kusimama mahakamani kupaza sauti. Kesi hizi nyingi hazifiki huko. Kazi yetu kubwa ni kuunganisha jeraha na kazi, yaani kukusanya ripoti, kutafuta mashahidi kabla hawajahama, kumtafuta daktari mwingine pale yule wa upande wa bima anaposema umepona, kuangalia kama mshahara uliopigiwa hesabu una ovataimu zako ndani, na kukimbizana na tarehe, manake kila nchi ina ukomo wake wa kudai na ukipita mlango unafungwa. Pia kuangalia kama kuna mtu wa tatu wa kumshitaki mbali na mwajiri, mfano aliyetengeneza mashine mbovu, hapo wengi wanaacha haki yao bila kujua.

Jambo ninaloomba mlibebe vizuri ni la asilimia ya ulemavu. Fidia ya kudumu mara nyingi inapigwa kutokana na asilimia hiyo, na inatakiwa ipimwe jeraha likishatulia, daktari akiona haliwezi tena kupona zaidi ya hapo. Sasa wewe bado una bandeji, nyumbani hamna kitu, anakuja mtu mpole na hela mkononi anasema saini tumalizane. Ukisaini kwamba umemaliza, sehemu nyingi imekula kwako, hata mwaka kesho ukihitaji operesheni nyingine. Siwalaumu wanaosaini, njaa haina subira, ila kabla ya kalamu tafuta wakili au chama chako cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria.

Kuhusu ada ya wakili, wengi wetu kwenye kesi hizi tunachukua asilimia ya kitakachopatikana, na sehemu nyingi sheria imeweka kikomo au lazima bodi inayosimamia fidia ikubali kwanza. Muulize wazi: asilimia ya nini, gharama zinatolewa kabla au baada, hela ya matibabu imo? Akikwepa kujibu, ondoka.

Kuna kaka pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, mimi kibarua, sina mkataba, nitadai nini. Kaka yangu, usijitoe mapema. Mkataba ni ushahidi mmojawapo tu wa kwamba uliajiriwa. Ile hela unayotumiwa kwenye simu kila Jumamosi ni ushahidi, ile meseji ya "kesho njoo mapema tunamwaga zege" ni ushahidi, na picha uliyopiga na wenzako mkiwa saiti pia ni ushahidi. Usizifute, na leo ukifika nyumbani mtumie mkeo nakala, manake simu nayo huwa inavunjika ajalini.